Shingo ya Bwana Diisii

Jogoo wa Muthamia aliitwa Diisii, yaani mkuu wa wilaya, kwa sababu ya mwendo wake. Alivuka uwanja polepole, kifua mbele, akisimama hapa na pale kama mtu aliyetumwa na serikali kukagua vyoo vya shule, na kuku wote walimpisha. Rangi yake ilikuwa kijivu cha moshi, rangi ambayo huioni kwa urahisi kutoka Nkubu mpaka Embu. Na mara mbili kwa mwaka alitembea na shingo tupu. Watoto wa majirani walimwimbia. Watu wazima nao walimuuliza Muthamia kama jogoo alikuwa ametoka jela, maana amenyolewa.

Aliyemnyoa ni Muthamia mwenyewe. Manyoya ya shingo ile aliyachuma kama wengine wanavyochuma majani chai, machache machache, akichagua, ili mti ubaki. Kila unyoya aliuzungusha kwenye ndoana ndogo kuliko ukucha wa mtoto, akaufunga kwa uzi wa hariri uliopakwa nta ya nyuki, ukawa inzi. Si inzi wa kuruka. Ni inzi wa kumdanganya samaki anayeitwa trauti, ambaye wazungu walimleta zamani wakammwaga katika mito inayoshuka kutoka mlimani, na ambaye hupenda wadudu wanaoelea. Mvuvi anarusha uzi, inzi anatua juu ya maji, anasimama kwa ncha za manyoya yake kama mbu, samaki anapanda kumla, na hapo ndipo anapojua kwamba ameuziwa uongo.

Kazi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba. Mwaka huo kahawa ilikuwa imepanda bei hata jirani yao Kithinji akanunua redio mbili, moja ya kusikiliza na moja ya kuweka kabatini. Muthamia alikuwa na miti ya kahawa arobaini tu, mizee. Alikuwa na jogoo, na jiriwa ndogo ya chuma ya kushikia ndoana, iliyofungwa kwenye meza ya dirishani, na binti yake Kiende, ambaye vidole vyake vilikuwa vimempita baba tangu zamani. Na katika nyumba ile yote hakuna aliyewahi kuonja samaki. Kwao samaki alihesabiwa kuwa jamaa ya nyoka. Muthamia alimjua trauti tabia zake zote, saa yake ya kula na saa yake ya kununa, lakini kumtia mdomoni, hapana.

Alhamisi asubuhi alipanda mpaka kambi ya wavuvi, juu kabisa ambapo mto Mutonga unatoka msituni. Kambi ilikuwa na menija mpya, kijana wa Embu anayeitwa Gitari, mwenye tai na kalamu tatu mfukoni.

"Mzee wa inzi umefika," Gitari akasema. Hakumwonyesha kiti. Muthamia akaletewa chai kwenye kikombe cha bati, pale mlangoni pa jikoni ambapo mbwa wa kambi alikuwa amelala.

Gitari akafungua kisanduku cha plastiki. Ndani inzi walikuwa wamepangwa, kila mmoja na kachumba kake.

"Hizi zimetoka ng'ambo. Ona. Zote sawa, kama zimezaliwa siku moja."

"Ni wazuri," Muthamia akasema, kwa kuwa kweli walikuwa wazuri.

"Jumamosi klabu inakuja kutoka Nairobi, watu kumi na wawili. Nitaweka hizi mezani na zako kando yake. Zako zikipata samaki, tunaendelea. Zikishindwa, mzee wangu, utakuja tunywe chai kama marafiki, lakini usibebe kitu. Nataka dazeni nne. Na zote kijivu, si leo kijivu kesho kahawia."

"Nimeleta inzi hapa miaka kumi na tano."

"Ndiyo. Na kwa miaka kumi na tano hakuna mtu amezipima."

Neno hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa na haki ndani yake. Muthamia akapokea pakiti ya ndoana, akammiminia mbwa chai iliyobaki, akashuka. Njiani alikuwa akipiga mluzi. Shingo ya Diisii ilikuwa haijaguswa tangu Januari. Ilikuwa imejaa, inang'aa, manyoya yamesimama kama majani ya kitunguu. Leo na kesho, yeye na Kiende, dazeni nne zingekwisha na muda wa kunywa uji ukabaki.

Wakati huohuo, nyumbani, wageni walikuwa wamefika.

Walitarajiwa Jumapili. Mwalimu Mbae na mkewe Jedidah, watu wa upande wa Kinoru, walikuwa wazazi wa Kinoti, na Kinoti ndiye aliyetaka kumwoa Kiende. Lakini Jumapili Mwalimu alikuwa amepata mkutano wa kanisa, basi akaonelea waje mapema. Walikuja na sukari, majani chai, na kitita cha miraa kilichofungwa kwa jani la mgomba, kama desturi inavyotaka mtu anapokuja kuomba binti, ingawa Mwalimu mwenyewe alikuwa mlokole na hakutafuna hata jani.

Karwirwa, mke wa Muthamia, aliwakaribisha kwa vigelegele, akawaketisha, kisha akakimbilia nyuma ya nyumba akashika kichwa. Mukimo ulikuwepo. Maharagwe meusi ya njahi yalikuwepo. Nyama haikuwepo. Kiende alikuwa Nkubu kununua uzi wa baba yake. Uwanjani palikuwa na kuku watatu, wote wanaatamia, na Diisii.

Kumpikia baba mkwe kuku jike ni kumwambia kwamba nyumba hii haina mwanaume. Karwirwa alimtazama Diisii. Diisii alimtazama Karwirwa. Hakuwa mwanamke mjinga; alijua mumewe anampenda jogoo yule kuliko kofia yake ya kanisani. Lakini alifikiri hivi: kwani anamtaka jogoo wa nini? Anataka manyoya. Hajawahi kutaka nyama. Miaka yote anachuma mmoja, anachuma mmoja, anaumiza macho. Mimi leo nitampa yote kwa mara moja.

Basi akamchinja. Akachemsha maji, akamtumbukiza, akamnyonyoa vile alivyofundishwa na mama yake, haraka na safi. Hakutupa hata unyoya mmoja. Akayatia yote kwenye karai, na kwa kuwa yalikuwa na damu na mavumbi, na kwa kuwa yalikuwa yakienda kwa watu wa Nairobi, akayaosha kwa sabuni ya unga. Mara mbili. Akayafunika kwa gunia, akaridhika sana na nafsi yake.

Muthamia aliingia akakuta sahani zimeshapakuliwa. Akasalimiana na wageni kwa mikono miwili, akaomba radhi kwa viatu vyake vyenye matope, akaketi. Mwalimu Mbae alikuwa amepewa firigisi na paja. Sala ikaombwa, ndefu kidogo, kisha wakala.

"Muthoni wangu," Mwalimu akasema, akimwita jina la heshima la ukwe, "tunashukuru. Nyama hii ina misuli. Huyu alikuwa mnyama wa kazi."

"Kula, Mwalimu, kula," Muthamia akasema, akamgeukia mkewe. "Mama Kiende, mbona simsikii Diisii leo? Kwa kawaida nikifika hunipigia saluti."

"Yuko," Karwirwa akasema.

"Wapi?"

"Hapo mbele ya Mwalimu."

Mkono wa Mwalimu ulisimama na paja katikati ya sahani na mdomo. Jedidah akamtazama mumewe, akamtazama Muthamia, akalirudisha taratibu bawa alilokuwa ameshika. Muthamia alimeza tonge lililokuwa kinywani. Lilishuka kama jiwe. Lakini mtu hawezi kumlilia jogoo mbele ya wakwe.

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana. Jogoo ni wa wageni. Kuleni."

Wakala, ila sasa kila mtu alitafuna kwa adabu kama watu walio matangani.

Baadaye Jedidah, kwa nia ya kubadili mazungumzo, akauliza. "Baba Kiende, Kinoti alituambia kwamba unashona inzi. Mimi nikamwambia aache mzaha."

"Si mzaha, mama."

"Inzi? Hawa wa chooni?"

"Hawa wa mtoni."

"Na mtu anatoa pesa, ananunua inzi?"

"Anatoka Nairobi na gari kuja kumnunua."

Jedidah akasema "Uui," akaangalia ukuta. Mwalimu akakohoa. Alikuwa amewaambia watu kanisani kwamba muthoni wake ni mtu wa biashara ya uvuvi, na jambo hilo lilikuwa likisikika vizuri mpaka sasa. "Kila kazi ni kazi," akasema, na jinsi alivyosema ilikuwa afadhali angenyamaza.

Karwirwa akaona huu ndio wakati wa kumfurahisha mume. Akaleta karai, akafunua gunia.

"Baba Kiende, nimekurahisishia. Yote hayo. Na nimeyaosha."

Muthamia akachungulia. Manyoya yaliyokuwa yamesimama kama majani ya kitunguu yalikuwa yamelala, yamejikunja, yameshikana kama nywele za mtu aliyenyeshewa. Akachukua mmoja, akaupuliza. Haukutikisika.

"Umenyonyoa kwa maji ya moto," akasema.

"Kwani kuku hunyonyolewa na nini?"

"Na sabuni."

"Mara mbili," Karwirwa akasema, lakini sasa sauti yake ilikuwa imeanza kuogopa.

Muthamia akaketi chini, sakafuni, mkwe au hakuna mkwe. Akaeleza kwa kifupi: dazeni nne, Jumamosi, kisanduku cha plastiki. Karwirwa akafunika mdomo kwa leso. Mwalimu Mbae akatazama sahani yake, penye mifupa, akahisi kwamba ameila kazi ya mwenzake na chumvi juu.

Hapo ndipo Kiende alipoingia na uzi wake. Akawasalimia wageni akiwa ameinamisha kichwa, akaona karai, akaona baba yake sakafuni, akaelewa yote bila kuambiwa. Akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa sababu ya wakwe lakini kicheko kilitoka puani.

"Mama, ungemalizia kwa pasi."

"Usinicheke, Kiende. Nitakufa leo."

"Hufi. Birika liko motoni?"

Akayakausha manyoya kwa kitambaa, kisha akachukua mmoja kwa ncha za vidole akaushika mbele ya mdomo wa birika. Mvuke ukapita. Nyuzi za unyoya zikatetemeka, zikaachana, zikafunguka moja moja mpaka unyoya ukasimama. Si kama zamani. Ule mng'ao ulikuwa umekwenda. Lakini ulisimama.

"Baba, fungua jiriwa."

Mvua ilianza mchana huo, mvua ya mlimani isiyo na haraka, na barabara ya Nkubu ikawa matope ya magotini. Wageni hawangeweza kuondoka hata kama wangetaka. Jedidah, aliyekuwa fundi wa kusuka vyondo, hakuweza kukaa akitazama vidole vya mtu mwingine vikifanya kazi. Akasogeza kigoda. Kisha akayapanga manyoya kwa urefu, marefu kwa marefu, mafupi kwa mafupi. Baada ya muda akamwambia Kiende, "Uzi wako unauvuta sana. Legeza kidogo, halafu kaza mwisho." Kiende akajaribu, akaona ni kweli.

Mwalimu Mbae akavaa miwani. Kila inzi aliyemalizika alipelekwa mbele yake kwenye kiganja, akamgeuza, akatoa alama.

"Saba juu ya kumi. Kichwa kinene."

"Mwalimu, huyo nimeshona mimi," Muthamia akasema.

"Basi sita. Wewe ndiye mwalimu wao, ulipaswa kujua."

Wote wakacheka, hata Karwirwa, ambaye alikuwa akilinda birika kana kwamba ni mtoto mgonjwa. Wakafanya hivyo Alhamisi mpaka jua likazama, na Ijumaa siku nzima, mvua ikinyesha. Ijumaa jioni inzi wa arobaini na nane akatoka kwenye jiriwa. Mwalimu akampa tisa.

Ndipo Muthamia akaleta bakuli la maji, akamweka mmoja juu yake.

Inzi akasimama kwa muda wa kupumua mara moja. Kisha akazama.

Akaweka mwingine. Akazama. Sabuni ilikuwa imeondoa mafuta yote ambayo jogoo alipewa na Mungu wake, na manyoya yalikuwa yanakunywa maji kama kitambaa. Wakajaribu kumpaka mmoja nta. Manyoya yakashikana, akawa kama mbegu ya papai. Wakajaribu mafuta ya kondoo. Akawa mbaya zaidi na akanuka.

"Usiwapeleke," Karwirwa akasema polepole. "Mwambie menija nimeugua."

"Nitawapeleka. Na nitamwambia wanazama."

"Atakucheka mbele ya watu."

"Ameshanicheka mbele ya mbwa, Mama Kiende. Watu ni nafuu."

Mwalimu Mbae akavua miwani akaifuta. "Muthoni," akasema, na safari hii neno lilitoka na uzito wake. "Kesho nitakwenda na wewe."

Jumamosi mvua ilikuwa imekatika lakini mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa. Watu wa klabu walisimama ukingoni na mabuti yao marefu, wamekunja nyuso. Walikuwa wakirusha inzi wa ng'ambo tangu alfajiri. Inzi wa ng'ambo walielea vizuri ajabu. Walishuka na mto wakiwa wamesimama kama maaskari, na hakuna samaki aliyewatazama.

Gitari alichukua mmoja wa Muthamia, akamtupa kwenye ndoo. Akazama. Akamtupa wa pili.

"Mzee, hizi zinazama."

"Ndiyo. Zinazama."

"Unajua zinazama, na umezileta?"

"Jogoo alioshwa na sabuni," Muthamia akasema kwa sauti ya wazi, kwa kuwa hakuwa na nyingine. "Tulipata wageni."

Wavuvi wawili watatu wakageuka. Mwalimu Mbae akasimama wima, koti lake la kanisani limefungwa vifungo vyote, akasema, "Mimi ndiye mgeni. Nilimla."

Kulikuwa na mama mmoja mzungu mzee, mwenye kofia iliyochakaa, aliyekuwa akija kuvua katika mito hiyo kwa miaka mingi. Alicheka hadi akashika mti. "Nipe mmoja," akasema kwa Kiswahili chake cha zamani. "Maji ya leo ni chafu. Samaki haoni juu. Iko chini, nakula chini."

Akamfunga inzi, akarusha. Inzi akagusa maji, akazama mara moja, akaenda zake gizani. Uzi ukateleza na mkondo. Mwalimu Mbae, ambaye maishani mwake hakuwahi kuona mtu akivua, alishika mkono wa Muthamia bila kujua.

Uzi ukakazika.

Samaki aliyetoka alikuwa mrefu kama mkono wa mtu mpaka kiwiko, mbavu zake zina madoadoa kama za chui. Kabla hajatolewa ndoana, mvuvi wa pili alikuwa ameshafika kwenye kibati ambacho Muthamia alibebea inzi wake. Akaja wa tatu. Kufikia saa sita mchana kibati kilikuwa kitupu, na watu wazima wenye magari yao walikuwa wakigombana juu ya nani alichukua wawili.

Gitari akaja na kiti. Akakiweka kwenye nyasi, na Muthamia akakikalia.

"Mzee Muthamia," akasema. Jina hilo hakuwahi kulitumia. "Nataka zile zinazoelea, kama zamani. Na nataka hizi za kuzama, za siku za mvua. Kila mwezi. Lakini niambie, umezifanyaje?"

"Hiyo ni siri ya mke wangu."

"Anaweza kuifanya tena?"

Muthamia akafikiri juu ya maji ya moto, na karai, na sabuni mara mbili. "Huyo," akasema, "huwezi kumzuia."

Yule mama mzungu alimpa Muthamia samaki wake wa kwanza, amefungwa kwa majani, na kwa kuwa zawadi haikataliwi wakamleta nyumbani. Mwalimu Mbae alimbeba mwenyewe, mkono umenyooka mbali na koti.

Wakamlaza kwenye sinia juu ya meza, kando ya jiriwa. Karwirwa, Kiende na Jedidah wakazunguka. Muthamia akasimulia, Mwalimu akarudia kusimulia kwa sababu aliona mwenzake ameacha mambo. Aliposimulia habari ya kiti, alikivuta kiti cha nyumbani ili waelewe.

Jedidah aliwaacha wamalize. "Mimi nina neno moja," akasema. "Kiende akija kwetu, na hicho chuma cha dirishani nacho kije. Sitaki kusikia kwamba mkwe wangu ameacha kazi yake mlangoni."

"Chuma ni kimoja, mama," Kiende akasema kwa haya, akitazama vidole vyake.

"Kinoti atanunua kingine. Na mimi jogoo wa kijivu nitamtafuta mpaka Kiritiri. Lakini Mama Kiende, muthoni wangu, huyo jogoo tutamleta kwa masharti."

Karwirwa akasema amesikia. Kisha wote wakarudi kumtazama samaki. Miaka kumi na tano amelisha nyumba ile, na hii ndiyo mara ya kwanza kuingia ndani. Jicho lake lilimtazama kila mtu.

"Nimesoma kwamba ni chakula kizuri," Mwalimu akasema, akirudi hatua moja nyuma.

"Basi anza wewe, Mwalimu. Wewe ni msomi."

"Mimi ni mgeni. Mwenye nyumba ndiye huonja kwanza."

Walipokuwa wakisukumana hivyo, Karwirwa aliondoka kimya. Wakasikia kuni zikivunjwa, kisha sufuria kubwa ikibandikwa, na maji yakimiminwa, mengi.

"Mama Kiende," Muthamia akaita, na sauti yake ilikuwa na wasiwasi wa kweli. "Maji hayo ya moto ni ya nini?"

Karwirwa akachungulia mlangoni, uso mkavu kabisa, mkononi ameshika kikopo cha sabuni ya unga.

"Ya kumnyonyoa," akasema.